Mnyororo wa Choo cha Framstead

Watu wa Framstead ni wakarimu sana, mradi anayeombewa msaada asiwe mtu. Mwaka huu, baridi ilipoanza kuondoka, walitia saini mji mzima ili kalunguyeye, vile vinyama vya miiba, wachimbiwe njia ya kupita chini ya barabara. Mimi na Shangazi Doreen tulikuwa na meza yetu papo hapo, mbele ya duka kubwa, tukiomba saini kwa ajili ya rufaa ya baba yangu, Denzil Tuppen, ambaye ana miguu miwili na amefungwa miaka kumi na minne kwa kosa asilolifanya. Kalunguyeye walitushinda vibaya.

Kuna waliotuambia wanatuombea. Kuna bwana aliyetia saini haraka haraka, akasoma juu ya karatasi, akaomba kalamu tena ili ajifute, maana alidhani yuko kwenye meza ya kalunguyeye. Kuna mama aliyenifundisha darasa la tatu, akauliza kwa sauti ya kanisani kama inawezekana kutia saini bila jina lake kuonekana. Nikamwambia inawezekana kabisa, atie saini kwa moyo na sisi tutaisoma kwa moyo. Akashukuru, akaenda zake. Hadi leo sina hakika kama alielewa.

Shangazi alinikanyaga mguu chini ya meza. Yeye ni mtu wa heshima, dada mkubwa wa baba, na anaamini watu wakiombwa kwa upole mwisho huona haya. Mimi nakaanga samaki na chipsi katika mji huu tangu nimalize sekondari. Nimewaona watu wa Framstead wakiwa na njaa. Haya hawana.

Wakili wetu, Bi Nasreen Malik wa Brighton, alikuwa ametueleza wazi kwamba Tume inayopitia kesi za namna hii haihesabu saini. Inataka ushahidi mpya. Saini ni kelele tu. Lakini ndani ya mji ule kuna mtu anayejua, alisema, na mtu wa aina hiyo hafungui mdomo wakati kila mtu kanyamaza. Pigeni kelele mpaka aone hayuko peke yake.

Shida ni kwamba tulijua siku zote ni watu gani wanaojua. Tulikuwa tunawauzia samaki.

Miaka mitano iliyopita, mwezi Oktoba, jengo la klabu ya gofu liliteketea, na mlinzi aliyekuwa ndani akaungua mikono vibaya. Baba alikuwa mkata nyasi wa klabu ile. Walikuwa wamemfukuza kazi kiangazi, naye akatangaza baa nzima ikisikia kwamba siku moja atawaona wakilia. Polisi wakaja nyumbani. Nguo zake zilinuka mafuta ya taa, na kesi ikaishia hapo. Wale raia kumi na wawili walioketi mahakamani kuamua kama ana hatia walitoka miji ya mbali, na hakuna aliyewaambia kwamba Framstead, mwezi Oktoba, kila mwanaume ananuka mafuta ya taa, kasisi akiwemo. Ni mwezi wa kutengeneza mienge. Tarehe tano Novemba mji mzima hutoka barabarani na moto, na mtu aliyetuudhi zaidi mwaka huo hutengenezewa sanamu kubwa kuliko nyumba, ikaburutwa mpaka uwanjani na kuchomwa. Ndiyo sherehe yetu. Wengine wana Krismasi.

Sasa, sanamu ya mwaka ni siri. Mke haambiwi. Wanaume wa Chama cha Moto wanaoitengeneza hula kiapo mbele ya ndoo ya lami kwamba hawatasema nani anachomwa, wala sanamu iko wapi, wala nani anaijenga, mpaka itokee yenyewe usiku wa tarehe tano na watu waone kwa macho yao. Na usiku ule klabu ya gofu inaungua, baba yangu alikuwa ndani ya ghala la Rodney Pelling, mfuga nguruwe, pamoja na Pelling mwenyewe na wanaume wengine wanne, wakiijenga.

Polisi walipomuuliza alikuwa wapi, baba akasema alikuwa amelala. Jirani yetu akasema alimwona akitoka na baiskeli. Fikiria hapo. Mwanaume mwenye akili zake, mwenye mtoto, aliwadanganya polisi ili kulinda sanamu ya mkurugenzi wa kampuni ya maji aliyeketi chooni. Nampenda baba yangu, lakini naye ni wa Framstead.

Alipolala mahabusu siku mbili tatu akapata akili, akasema ukweli. Polisi wakawaendea wale watano. Wote, mmoja mmoja, wakasema hawajui ghala wala sanamu, na Denzil hawajamwona. Baadaye nilikuja kujua kwamba Mzee Barnaby Akehurst, mwenyekiti wa Chama, ndiye aliyewapanga. Aliwaambia polisi si wajinga, watagundua wenyewe, na ikishapita tarehe tano kila mtu atasema kweli. Tarehe tano ikapita. Sanamu ikachukua kikombe cha wilaya. Ndipo kila mmoja akakumbuka kwamba ametia saini maelezo ya uongo polisi, na kuyabadilisha ni kukiri kosa. Wakaona bora baba akae ndani kuliko wao kuaibika nje.

Na niseme haki, sanamu yenyewe ilikuwa nzuri. Kampuni ile ilikuwa inamwaga vinyesi kwenye mto wetu, kwa hiyo mkurugenzi alikaa chooni suruali ikiwa magotini, na juu ya kichwa chake tangi lenye mnyororo. Akehurst alipouvuta mnyororo, tangi likamwaga cheche za rangi ya kahawia zikamfunika bwana mkubwa mpaka kwenye viatu. Watu walicheka wakalia. Mpaka leo, ukitaja mnyororo Framstead, mtu hakuulizi mnyororo gani.

Mwaka uliofuata wakamchoma baba.

Walimjenga akiwa na mashine ya kukata nyasi mkono mmoja na kiberiti mkono mwingine. Eti Akehurst aliona kwamba wasipomchoma, watu watajiuliza kwa nini. Shangazi alifunga mapazia. Mimi nilikuwa na miaka kumi na sita, nikaruka dirishani nikaenda kutazama, maana nilitaka kuziona nyuso zao. Rodney Pelling alikuwa anashangilia huku anatazama viatu vyake. Pua ya baba waliipatia sawasawa. Ukitaka kuipatia pua namna ile lazima uwe umekaa na mtu ghalani muda mrefu.

Basi, kalunguyeye walipotushinda, nikamwambia Shangazi tuhamishie meza Nutbridge. Nutbridge ni mji wa jirani, nao wana chama chao cha moto na sanamu zao, na wanatuchukia kwa bidii. Shangazi alisita, akasema ni kama kusaliti. Tulipofika tu, watu wakapanga foleni. Mzee mmoja hakuuliza hata mfungwa ni nani. Alisema chochote cha kuwaaibisha Framstead, nilete kalamu. Akatia saini, akatia na ya mkewe, kisha akaniinamia na kuniambia kwamba hata ule mnyororo wetu maarufu tuliwaibia wao. Wao huchoma Jumamosi ya mwisho ya Oktoba, kabla yetu. Mwaka ule walikuwa na ndoo iliyovutwa kwa kamba, ikammwagia meya cheche. Watu wa Framstead walikuja, wakaona, wakarudi kwao wakaweka choo.

Sikulitia maanani. Lakini Ijumaa Pelling alikuja dukani kama kawaida. Huyu bwana kwa miaka minne amenunua samaki mkononi mwangu bila kunitazama usoni. Huwa anazungumza na chupa ya siki.

"Samaki mmoja, chipsi kubwa," aliiambia siki.

Nikamwuliza kama ametia saini ya baba wiki hii. Siki haikujibu. Nikamwuliza analalaje. Nikamfungia samaki wake, na kwa kuwa nilikuwa sina la kupoteza, nikamwambia Nutbridge wanasema mnyororo ni wao.

Akainua kichwa. Kwa mara ya kwanza nikajua macho yake ni ya kijani.

"Nani kasema?"

"Wote. Wanasema mliiba kwao, mkaongeza choo tu."

Alikuwa mwekundu mpaka masikioni. Akaniuliza jina la aliyesema, na anakaa wapi, na kama kulikuwa na mashahidi. Mashahidi, bwana. Akasahau hata chenji yake. Nilibaki nimeshika kijiko cha chipsi, nikifikiri: huyu mtu nimemwambia mara ngapi kwamba baba anaoza ndani, na hajawahi kupaliwa hata kidogo. Leo nimegusa choo, ameamka.

Nilimpigia Bi Malik simu usiku uleule wa Ijumaa nikamweleza. Akauliza mkutano wa Chama ni lini.

Ilibidi tungoje kiangazi chote. Mkutano wa kufungua msimu wa moto hufanyika Jumapili moja ya Septemba, baada ya chakula cha mchana, katika ukumbi wa kanisa, na mkazi yeyote anaruhusiwa kusema. Akehurst alikuwa mbele na fulana yake ya mistari ya Chama, ndevu zimechanwa, birika la chai pembeni. Aliponiona nimesimama akatabasamu lile tabasamu la mtu anayetaka watu waone kwamba ana moyo. Akasema binti Tuppen apewe nafasi. Bi Malik alikaa mstari wa nyuma na biskuti mkononi, kama mgeni aliyefuata chai.

Niliomba saini, kwa adabu zote alizonifundisha Shangazi. Watu wakatazama dari. Dari ya ukumbi wa kanisa Framstead ndiyo iliyotazamwa kuliko zote Uingereza.

"Haya, sitawalazimisha," nikasema. "Ila kabla sijakaa, kuna jambo la heshima ya mji. Nutbridge wanatangaza kwamba mnyororo ni wao. Wanasema mliuona kwao Jumamosi ya mwisho ya Oktoba, mkarudi hapa mkauiga."

Hapo dari ikaachwa. Ukumbi ulinguruma. Wanawake wazima walipiga meza. Akehurst akanyanyua mkono, akasema huo ni uzushi wa watu wenye wivu, na kwamba wazo la mnyororo lilizaliwa hapahapa, tena, bila kujisifu, lilizaliwa kichwani mwake.

"Hata mimi nasema ni uzushi, mwenyekiti," nikamjibu. "Lakini wanataka ushahidi. Wanauliza, kuna aliyeuona ukifanya kazi kabla ya Jumamosi ile?"

Yeye si mjinga. Nilimwona akisimamisha kikombe njiani. Akasema taratibu kwamba mambo ya ghalani hayazungumzwi hadharani, na kiapo ni kiapo.

"Basi wenyewe ni wao," nikasema, nikakaa.

Niliomba Mungu wakati ule. Sikumwombea baba hata, nilimwombea Rodney Pelling hasira. Na kiti kikalia nyuma yangu.

"Wenyewe gani?" Pelling alikuwa amesimama, kofia ameikunja mkononi kama tambara. "Mnyororo ule ulifanya kazi kabla wao hawajanunua kamba. Wiki mbili kabla. Tuliujaribu usiku ule gofu inaungua."

"Rodney," akasema Akehurst. "Kaa chini."

"Sikai. Niitwe mwizi na watu wa Nutbridge, halafu nikae? Tulivuta, cheche zikaruka mpaka paa la banda la nguruwe wangu. Tukatoka wote mbio na ndoo. Ndipo tukaona mbingu nyekundu upande wa gofu. Wewe mwenyewe, Barnaby, ulisema tumeunguza dunia. Denzil akasema hapana, ile si yetu, ile iko mbali."

Kisha akasikia alichosema. Niliona yale maneno yakimrudia mwenyewe, moja baada ya jingine, akayatazama kama mtu anayetazama funguo zake ndani ya gari alilokwisha kulifunga. Kule nyuma biskuti ya Bi Malik ilisikika ikivunjika.

Shangazi Doreen hakupaza sauti. Alikuwa amekaa na karatasi zake za saini mapajani, goti kwa goti, kama kanisani.

"Denzil yupi, Rodney?"

Pelling alizidi kuikunja kofia. "Denzil wetu."

"Wenu," akasema Shangazi. "Tangu lini?"

Akehurst akatangaza kwamba chai inapoa na mkutano umeahirishwa, kitu ambacho hakijawahi kutokea tangu Chama kianzishwe, hata wakati wa vita.

Bi Malik alikuwa mlangoni kabla Pelling hajapata koti. Maneno ya ukumbini hayatoshi, lazima yaandikwe na kutiwa saini, na mtu huyu asipewe nafasi ya kulala akayafikiria. Tukaenda jikoni kwa Pelling, nguruwe wakisikika nje. Hapo ndipo tulikaribia kushindwa, na si kwa sababu ya polisi. Bi Malik alimweleza wazi kwamba anaweza kushtakiwa kwa maelezo yake ya kwanza. Pelling akatikisa kichwa, akasema anajua, miaka yote amejua, akachukua kalamu. Nilikaribia kumhurumia. Kisha akasoma rasimu, akauliza mbona haisemi mnyororo ni wa Framstead.

Bi Malik akamwambia kwamba mahakama haijali nani alibuni choo. Pelling akaweka kalamu mezani. Akasema kama haijali yeye anajali, na Nutbridge wataisoma. Kwa hiyo karatasi iliyofikishwa mbele ya Tume, ile iliyobeba maisha ya baba yangu, inaanza kwa kutamka kwamba mtambo wa mnyororo ulibuniwa na kujengwa Framstead bila msaada wa mji mwingine wowote. Baba anatokea chini, baada ya nguruwe.

Mmoja akishasema, kunyamaza kunakuwa kazi. Wale watatu wengine wakafuata ndani ya mwezi. Akehurst alikuja wa mwisho, akiwa amevaa tai, na sharti lake lilikuwa moja tu, kwamba iandikwe wazo lilikuwa lake. Likaandikwa.

Na mji je? Jumamosi iliyofuata mkutano, meza yetu ilikuwa na foleni mpaka benki. Yule mwalimu wangu wa darasa la tatu aliandika jina lake kwa herufi kubwa, akauliza kama anaweza kuongeza anwani. Kila mtu alikuwa na sentensi ileile mdomoni, kwamba wao walijua siku zote. Nilianza kuwauliza, siku zote kuanzia lini, kabla ya kumchoma au baada? Shangazi akanikanyaga mguu, lakini safari hii polepole, kwa mazoea tu.

Akehurst akaja hadi nyumbani na mchoro. Chama kilikuwa kimeamua, kama ishara ya mshikamano na familia, kwamba mwaka huu achomwe mpelelezi aliyemkamata Denzil. Alitaka baraka za Shangazi. Shangazi aliutazama mchoro muda mrefu, akauliza kama bado kuna nafasi ya kubadilisha kichwa. Akehurst akasema ipo. Basi, akasema Shangazi, weka ndevu, na umvalishe fulana ya mistari. Akamrudishia karatasi, akamfungulia mlango.

Wiki iliyopita Tume ilirudisha kesi mahakamani. Rufaa itasikilizwa kabla ya majira ya joto ya mwakani, na Bi Malik, ambaye hapendi kuahidi, amesema tutafute suti. Nikaenda gerezani kumwambia baba mwenyewe, uso kwa uso.

Amekonda. Nywele alizoingia nazo hazipo. Nilimweleza yote, ukumbi, Pelling, mbingu nyekundu, "ile si yetu." Alilia kidogo, nami nikaitazama mashine ya chokoleti mpaka amalize. Akajifuta kwa mkono wa shati.

"Kwani Rodney kasema lilikuwa wazo la nani?"

"Nini?"

"Mnyororo."

Nikamwambia imeandikwa la Akehurst. Baba akaegemea nyuma kama mtu aliyepigwa kofi.

"Akehurst? Akehurst hajui hata kuvuta pazia. Mnyororo ni wangu, Roz. Niliufikiria nikiwa nakata nyasi shimo la saba la gofu. Mwambie wakili abadilishe."

Nikamweleza polepole, kama unavyomweleza mtoto mgonjwa, kwamba karatasi ile ikiguswa, Akehurst anaweza kujitoa, na mashahidi wakianza kugombana wao kwa wao majaji watacheka na yeye atarudi seli. Na naapa, huyu mtu alifikiria. Nilimwona akipima, nje huku, mnyororo kule, miaka mitano ndani na bado ilibidi apime.

"Basi wacha," akasema mwisho, kwa sauti ya mtu anayetoa figo. "Lakini nikitoka, namwendea."

"Ukitoka, nitakusindikiza."

Askari akaja kusema muda umekwisha. Baba akanibusu kichwani, akaondoka naye, na kabla hawajafika mlangoni nikaona mkono wake umeanza kupanda na kushuka hewani. Alikuwa anamchorea yule askari tangi, na boya, na utambi unapita wapi. Siri ileile aliyoificha kwa polisi mpaka wakamfunga, alikuwa anamgawia askari wa magereza bure, na askari alikuwa amepunguza mwendo ili asikie vizuri.